Shuka Aliyoifua Bi Zuhura

Abuu alisema hapana kabla hajamaliza hamri lake la kwanza. Ilikuwa asubuhi ya Idd, hapa Kibokoni, katika chumba cha juu nilichoishi tangu usichana wangu, na sote tulikuwa tumeketi chini kuuzunguka mkeka: mimi, mdogo wangu Mishi na wanawe, na Abuu, kitinda mimba wetu, aliyevuka kutoka Kisauni na mkewe na binti yao Rukia. Mbaazi za nazi zilikuwa bado zinatoa moshi. Rukia alikuwa ameeleza, kwa sauti ya mtu aliyejizoeza njiani, kwamba shuleni wameambiwa wachague njia ya masomo ya sekondari ya juu, na yeye amechagua sanaa: maigizo, muziki na uchoraji. Baba yake akaweka kikombe chini. Akasema sanaa si masomo, sanaa ni mchezo wa jioni, na kwamba hakuamka alfajiri miaka yote hii kwenda bandarini ili mwanawe aende akajipake rangi usoni. Watoto wa Mishi waliacha kutafuna. Rukia akanigeukia. Katika nyumba yetu jambo likikwama huletwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyewalea hawa wawili. "Shangazi," akasema, "mwambie."

Mimi nikacheka. Sikumcheka mtoto, wala sikumcheka baba yake. Nilicheka kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, katika chumba hiki hiki, nimekaa kwenye cherehani ile iliyo dirishani mpaka leo, na aliyeambiwa alikuwa Abuu mwenyewe, akiwa mdogo kuliko Rukia alivyo sasa. Amesahau. Mtu mzima husahau alivyokatazwa, akakumbuka tu namna ya kukataza. Nikawaambia waendelee kula, nikaingia chumba cha ndani, nikapiga magoti mbele ya kasha la mamangu kutafuta kitu ambacho sikuwa nimekitoa kwa muda mrefu. Kasha lile lina mambo mengi juu yake na mengi zaidi ndani, na mikono yangu ilipokuwa ikipekua, mwaka ule wote ulirudi, na harufu yake ya chokaa.

Jinsi tulivyobaki watatu si hadithi ya hapa. Ilitosha kwamba tulibaki, na kwamba mimi niliacha shule nikaketi kwenye cherehani. Nilishona sare za shule, madera na mapazia ya maharusi. Mishi alikuwa msichana wa kucheka. Abuu alikuwa darasa la saba na alikuwa akizungumza na vidole vyake vya miguu. Ukimwuliza jambo, jibu lilishuka sakafuni, na ulilazimika kuinama kulichukua. Nikimtuma dukani Bondeni kununua sukari ya chai, alisimama pale mbele ya meza huku wenye sauti wakihudumiwa wote, aliowakuta na waliokuja nyuma yake, akarudi chai imeshapoa. Mimi nilikuwa nimempangia maisha. Angejua hesabu, angepata kazi ya kukaa kitini huko bandarini, na hesabu hazihitaji sauti. Kwa hiyo kila jioni nilimpeleka tuisheni kwa kijana mmoja msomi wa mtaa wa pili.

Chini yetu, kwenye chumba cha mlangoni, aliishi Bi Zuhura, mjane aliyekaanga viazi karai na kuviuza kizingitini. Sauti yake ilipanda ngazi kabla ya moshi wa mafuta yake. Alikuwa na ila moja tu, kama ni ila: mikono yake haikujua kupumzika. Ukiacha sufuria kwenye ngazi, utaikuta imesuguliwa. Ukianika nguo darini, juu ya paa, ukachelewa kuzianua, utazikuta zimekunjwa mlangoni kwako, na vifungo vilivyolegea vimeshikizwa. Ukimwambia asijisumbue, alikujibu kwamba yeye hasumbuki, anapita tu. Nusu ya usafi wa nyumba ile ilikuwa kazi ya Bi Zuhura akipita tu.

Nilianza kuona rangi kwenye kucha za Abuu baada ya mwezi wa Ramadhani. Rangi ya kijani siku moja, udongo mwekundu siku nyingine. Kisha yule kijana wa tuisheni akanikuta njiani, akaniamkia kwa adabu na kuniuliza kama Abuu ameshapona. Nikauliza kupona nini. Jioni ile Mishi ndiye aliyesema, maana Mishi hawezi kuweka siri zaidi ya kitako kimoja: Abuu haumwi, Abuu ameingizwa katika mchezo wa kuigiza wa shule, utakaoonyeshwa mashindanoni, na mazoezi ni saa ile ile ya tuisheni. Nikasimamisha cherehani. Nikayasema yale maneno, kwamba huo ni mchezo wa jioni, si masomo, na kwamba sikuacha shule mimi ili yeye akacheze, na kesho yake nitakwenda mwenyewe kumwambia mwalimu amtoe. Akanijibu, "Haya, Dada," na jibu likashuka sakafuni kama kawaida.

Kesho yake nikavaa buibui langu zuri nikaenda. Shule ile ndiyo niliyosoma mimi. Sikuwa nimeingia lango lake tangu nilipotoka, na nilishangaa kuona lilivyo dogo. Walinielekeza chumba cha mwisho, kilichokuwa kimejaa madawati mabovu, na hapo miguu yangu ikapunguza mwendo, kwa sababu chumba kile nilikijua. Zamani kilikuwa chumba chetu cha Ijumaa. Tulikuwa tukifinyanga udongo humo, tukichora, tukiimba, na mimi niliwahi kufinyanga birika lenye mdomo uliopinda ambalo mwalimu aliliweka dirishani muhula mzima. Kisha tukaambiwa Ijumaa nayo ni ya hesabu, birika likaondolewa, na madawati mabovu yakaingia. Hakuna aliyelia. Tulidhani ndivyo masomo yanavyokuwa, kwamba kadiri unavyokua ndivyo vinavyoondolewa vile ulivyovipenda.

Sikubisha hodi. Nilisimama dirishani. Mwalimu Mutua alikuwa katikati ya watoto, mtu mrefu kutoka Ukambani, mwenye Kiswahili cha vitabuni ambacho watoto walikirekebisha kwa furaha na yeye akiwashukuru kila mara. Mchezo ulikuwa wa mtaa mmoja uliokosa maji, na majirani wanaogombania mkokoteni wa madumu. Akaingia mwuza kahawa. Alishika dele la kahawa mkono mmoja, na mkono wa pili aligonganisha vikombe viwili, kwa ule mlio ambao kila mtu wa mji wa kale akiusikia huinua kichwa. Alikuwa Abuu. Mwuza kahawa huyu alizunguka mtaa mzima akipeleka maneno ya huyu kwa yule, na kila aliyemsemea, alimsemea kwa sauti ya mtu huyo mwenyewe. Mara yuko bwana mwenye nyumba, mara yuko bibi mmoja aliyekuja juu kwa sababu dumu lake limerukwa: "Mimi sina neno na mtu. Mimi napita tu. Lakini aloruka dumu langu, kesho atakunywa mate yake." Ilikuwa sauti ya Bi Zuhura, na mafuta ya viazi ukayasikia ndani yake. Sauti ile ilitoka nje ya dirisha, ikapita juu ya kichwa changu, ikaenda mpaka uwanjani. Nikaziba mdomo kwa mtandio ili nisicheke kwa nguvu. Kisha nikageuka nikarudi nyumbani, na ile hapana yangu nikarudi nayo.

Jioni nikamwambia mchezo na tuisheni vigawane siku, na hesabu zake zikishuka, mchezo umekwisha. Aliinua macho akanitazama, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akauliza kama pazia la nyuma ya jukwaa watakalolichora linaweza kukaa nyumbani, kwa kuwa shuleni panya wangelitafuna.

Ndipo ikaanza miezi niliyoifurahia kuliko yote ya ujana wangu, na sikuijua kuwa ni furaha mpaka ilipopita. Pazia lenyewe lilikuwa shuka mbili kuukuu nilizoziunga mimi kwa cherehani. Mwalimu na watoto walizipaka chokaa, na juu ya chokaa wakachora mtaa kwa rangi ya unga iliyokorogwa na maji: milango, wa Bi Zuhura ukiwamo, roshani, mnara wa msikiti, baraza mbili zinazotazamana. Ukilikaribia lilikuwa madoa matupu. Ukirudi nyuma mpaka penye kabati, ungeweza kuingia ndani yake ukamwamkia mtu. Abuu aliliweka ukutani, na tukawa tunakula mbele yake. Tulikula muhogo na samaki wa kukaanga huku mwuza kahawa akizunguka sinia, Mishi akiwa wateja wote. Bi Zuhura alisikia vicheko kutoka chini akauliza kwa sauti ni harusi ya nani. Kila alipouliza tulizidi kucheka, kwa kuwa Abuu alikuwa amemaliza tu kumwigiza. Yeye hakuwahi kupanda kulitazama pazia. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na ngazi alizipanda kwa nguo tu, akienda darini.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, katika ukumbi mmoja Majengo. Alhamisi Abuu akalitoa pazia akalianika darini lipate hewa, kwa kuwa mvua za siku zile zilikuwa zimelitia unyevu na chokaa ilianza kunuka. Akaenda shule. Mimi nikaenda Bondeni kupeleka mapazia ya bibi harusi. Niliporudi, Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye ngazi akinisubiri, mikono imelowa, uso umemng'aa kwa wema.

"Maimuna," akasema, "nimekufulia ile shuka yako. Wallahi, shuka chafu kama ile sijapata kuona. Nimeisugua mpaka nikatoka jasho. Nimeitia na buluu ing'ae weupe."

Nilipanda darini nikijua nitakachokiona. Palikuwa peupe. Kutoka ncha hii ya kamba mpaka ncha ile palikuwa peupe kuliko shuka zile zilivyokuwa dukani siku ziliponunuliwa. Mtaa wote ulikuwa umekwenda na maji, mnara, baraza na mlango wa Bi Zuhura mwenyewe. Nilishuka nikamshukuru, kwa kuwa kinywa kilizoea, nikaingia ndani nikakaa kwenye cherehani bila kushona.

Abuu alirudi akapitiliza mpaka juu. Tulimsikia akitembea darini, kisha hatukumsikia. Aliposhuka hakulia. Alisimama mlangoni akasema, "Basi, Dada. Nitarudi tuisheni." Aliviambia vidole vya miguu.

Nimeyafikiri sana maneno yale tangu siku hiyo. Nilikuwa nimeyataka. Mwanzoni mwa mwaka ningeyanunua. Sasa nimeletewa bure, hakuna ugomvi, hakuna lawama, na sikuweza kuyapokea, maana niliona kichwa chake kinavyoinama kurudi pale kilipokuwa, na nilijua kwamba safari hii hakitanyanyuka tena kwa urahisi. Nikamwuliza kama rangi imebaki. Akasema haikubaki, na hata ingebaki, kwa mvua ile isingekauka. Nikamwambia Mishi avute gunia la vitambaa lililo chini ya kitanda. Rangi sikuwa nayo, lakini vipande vya nguo nilikuwa navyo vya miaka, na vitambaa havihitaji jua.

Bi Zuhura alipoambiwa alichofua, alikaa pale pale kwenye ngazi akashika kichwa. Tulidhani ataugua. Kisha akainuka, akafunika karai lake la viazi, akajitanda, akatoka. Alizunguka nyumba kwa nyumba akigonga milango, na sijui aliwaambia nini watu, lakini Ijumaa baada ya swala wanawake walianza kupanda ngazi zangu na vifurushi. Mmoja alileta kitambaa cha atlasi kilichobaki kwenye nguo ya harusi ya bintiye. Mwingine alileta mguu wa suruali ya mumewe, akatuomba tusimwulize. Kanzu nyeupe iliyoungua kwa pasi ikawa mnara. Mzee Yusufbhai, mwuza vitambaa wa Kihindi niliyekuwa nikinunua kwake uzi, alimtuma mtu na kipande kirefu cha kijivu na salamu kwamba rangi hiyo imekaa dukani tangu baba yake yu hai, na sasa imepata kazi ya kuwa barabara.

Mwalimu Mutua akaja, uso umempauka, amesikia kwa watoto. Alibisha hodi chini, akabisha katikati, akabisha juu, na kila alipobisha wanawake walivuta mitandio yao wakimwambia ngoja kidogo, baba. Chumba kilikuwa chetu na hakuweza kuingia. Basi tukateremsha pazia la mlango, tukamkalisha kwenye ukumbi wa ngazi pamoja na Abuu na wenzake, tukawapa mikasi. Wao walikata, sisi tukashona. Vipande vilipita chini ya pazia kwa mkono, na maneno yakapita juu yake. Mwalimu aliambiwa akate mlango mkubwa wa nakshi. Ulipofika kwetu ulikuwa umeegemea upande kama mtu mwenye kiuno kibovu.

"Mwalimu," Bi Zuhura akauliza, "huko kwenu milango yalala?"

"Huko kwetu, mama," sauti ikajibu kutoka nje kwa upole, "mlango ni mbao tu. Huu wenu unataka fundi wa harusi."

Wanawake walicheka mpaka sindano zikapotea. Kisha mmoja akasema mlango wa Bi Zuhura mwenyewe, ule wa chini, umelegea upande huo huo, tuushone ulivyo. Tukaushona ulivyo. Nilishona juu ya ile shuka nyeupe iliyofuliwa, kwa kuwa sikuwa na nyingine kubwa kiasi hicho, na mikono yangu ilijua kitu ambacho sikukumbuka kuifundisha: roshani ya mbali iwe ndogo, kivuli kiwe cha bluu iliyokoza, kitambaa cha kung'aa kiende pale macho yanapotakiwa kutua. Nikakumbuka mwalimu wa chumba cha Ijumaa akituambia turudi nyuma, tufinye jicho moja, tutazame. Nikarudi nyuma mpaka penye kabati, nikafinya jicho. Mtaa ulikuwa umerudi, tena safari hii ulikuwa na rangi za nyumba zetu zote.

Karibu na magharibi Bi Zuhura aliomba sindano. Alikaa dirishani peke yake, akavuta uzi kutoka roshani moja hadi nyingine kama kamba ya kuanikia, akakata pindo la shuka ile ile, akashona juu ya kamba kijishuka cheupe, kidogo kama kiganja cha mtoto. Mtu akamwuliza ni cha nini. "Hiki niachieni," akasema. "Nami nimo."

Jumamosi tulijaa viti vya nyuma pale ukumbini. Pazia la ukumbi lilipofunguka na letu likaonekana nyuma ya jukwaa, nilisikia watu wakivuta pumzi, na wanawake wa Kibokoni wakaanza kunong'onezana, kila mmoja akitafuta kipande chake. Abuu akaingia na dele lake. Aligonganisha vikombe, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Niliona kidevu kikishuka. Nikajua kinakwenda wapi, na nikashika mkono wa Mishi nikaubana. Akageuka nusu, kama anayetafuta njia ya kutokea, na macho yake yakakutana na kile kijishuka. Mabega yakamcheza. Alikuwa anacheka. Alipotugeukia tena alikuwa bibi mwenye dumu lililorukwa, na sauti ilifika mpaka kwa walinzi wa mlangoni.

Bi Zuhura aliniinamia. "Huyo mwanamke mjuaji," akaniuliza, "ni wa mtaa gani?" Watu wa mbele wakageuka kumtazama, wakatazama jukwaani, wakamtazama tena. Ndipo akaelewa. Alicheka kimya kimya kwanza, akitikisika, kisha akaachia, akajifuta machozi kwa leso, na hadi mwisho wa mchezo kila mwuza kahawa alipofungua kinywa yeye alikuwa akijijibu mwenyewe kwa chini. Tulikuwa wa pili. Shule ya ng'ambo ilishinda, nasi tuliwapigia makofi, na leo sikumbuki mchezo wao ulihusu nini.

Hesabu za Abuu hazikupanda kwa muujiza. Kilichopanda ni mkono wake, darasani, kuuliza pale asipoelewa, na maswali ndiyo yaliyomfikisha alipo. Leo ni msimamizi wa zamu bandarini, na kila alfajiri husimama mbele ya wanaume wazima akiwapangia kazi, na hakuna anayeinama kulichukua neno lake sakafuni. Mimi, Mwalimu Mutua aliniomba nije Jumatano kuwafundisha watoto sindano. Nilikwenda, na mpaka leo ninakwenda, ingawa yeye alishastaafu akarudi kwao. Lango lile nililotoka nikiwa na masomo nusu naliingia kila wiki, na chumba cha mwisho hakina tena madawati mabovu.

Nililikuta pazia chini kabisa ya kasha, limekunjwa pamoja na vijiti vya udi. Nikalitoa nje, na watoto wa Mishi wakasogeza vyombo, tukalitandaza ukutani pale lilipokuwa likikaa. Abuu alikuwa ameshika hamri lake, haliendi kinywani wala halirudi sahanini. Rukia alilikaribia, akarudi nyuma mpaka penye kabati bila kuambiwa na mtu, akafinya jicho. Kisha akalikaribia tena, akagusa kwa kidole.

"Baba," akauliza, "hiki cheupe ni nini?"

Bi Zuhura tulimzika mwaka jana. Chumba cha mlangoni sasa kina wapangaji wengine, watu wema, wasiojua kufua vya watu. Abuu alilaza hamri. Akavuta leso kwenye bega la mkewe, akajitanda, akainuka polepole kama mwenye magoti mabovu, akanigeukia mimi na uso uliong'aa kwa wema.

"Maimuna," akasema, "nimekufulia ile shuka yako. Wallahi, shuka chafu kama ile sijapata kuona."

Alikuwa yeye, na mafuta ya viazi na yote. Mishi alipiga yowe la kicheko akaangukia mto. Mimi nilicheka, na nilipokuwa nikicheka niligeuka kutazama mlango wa ngazi, kwa kuwa masikio hayajui kuzika. Rukia alikuwa amesimama kinywa wazi, akimtazama baba yake kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba aliyozaliwa.

Abuu alivua leso, akaikunja, akaketi. Alinywa chai yake iliyopoa mpaka ikaisha.

"Na huko kwenye hiyo sanaa yenu," akamwuliza binti yake, "kuna cherehani?"

Rukia akasema hajui.

"Ulizia mapema," akasema Abuu, akainua hamri lake. "Shangazi yako sasa macho yanamsumbua, na mimi, kama mwalimu wangu, milango siijui kuikata."